Mti wa Shira

Kwa miaka kumi na mmoja Pesha hakukanyaga nyumba ya binti yake mwezi wa Desemba, kisa ule mti wa Krismasi. "Myahudi na mti wapi na wapi!" alikuwa akifoka kwenye simu, kisha anakata.

Desemba hii alikuja. Asubuhi walikuwa wamemzika binti huyo, Shira, na mti ulikuwa bado sebuleni, umepambwa.

"Mama, nautoa sasa hivi," alisema Brendan, mkwewe, macho yamemvimba.

Pesha alichukua mashuka, akafunika vioo vyote vya nyumba, kama wafanyavyo kwao siku saba za msiba, ili mfiwa asijitazame. Alipofika kwenye mti akajiona tena, kijiuso kilichopinda, ndani ya kila mpira wa kioo uliopamba matawi.

"Nani aliitundika hii?"

"Yeye mwenyewe, Jumapili. Alisema labda mwaka huu utakuja."

Brendan akaushika mti aubebe.

"We! Usiuguse!" Pesha alifoka. "Niletee vitambaa."

Akaifunika mipira mmoja mmoja, bila kuusogeza hata mmoja kutoka pale mkono wa Shira ulipouacha.