Viluwiluwi wa Mama Wawili

Mjukuu wangu alikuwa amesimamishwa mbele ya darasa, mikono nyuma, macho kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe alfajiri ile. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Wenzake arobaini walimkodolea macho, na mmoja wa viti vya nyuma akanong'ona, kwa ile sauti ya kunong'ona inayotaka kusikika, kwamba pengine amewakaanga. Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakulia.

Mwalimu wa sayansi, binti mpole asiyejua hata kukasirika vizuri, alikuwa akimuuliza kwa mara ya tatu viluwiluwi wameenda wapi. Wiki ile zamu ya kulinda beseni ilikuwa ya mjukuu wangu, na yeye ndiye aliyeingia darasani wa kwanza. Beseni lilikuwa dirishani, limefudikizwa, kavu.

"Kama si wewe uliyewamwaga, ni nani?"

Mtoto akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, maana aliyewamwaga nilikuwa mimi.

Shule niliiacha darasa la tatu, siku mama alipougua na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kusoma nilijua, ila mwendo wa kobe. Miaka kumi na moja nilisafisha madarasa ya shule ile bila mtu kujua kwamba kwa kila tangazo jipya nilimsubiri apite mtoto, nimwambie miwani nimesahau nyumbani. Miwani sijawahi kuwa nayo.

Basi siku moja kabla, bwana afya alikuwa amekuja kubandika karatasi kwenye mlango wa stoo, kwa sababu homa ya malaria ilikuwa imewalaza watoto wengi. Nilisubiri wote waondoke, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. MWAGENI MAJI YOTE YALIYOTUAMA YENYE VILUWILUWI. Lile la mwisho lilinitoa jasho. Lilichezacheza kama mnyama mwenyewe. Lakini nililimaliza. Kwa mara ya kwanza karatasi ilinituma kazi na sikumwita mtu anisomee. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari kama kibaba.

Alfajiri iliyofuata, taa ya darasa la nne ikiwa imeungua, niliinua kitambaa kilichofunika beseni la dirishani. Vitu vya walimu huwa sivigusi, lakini siku ile nilikuwa na amri. Vidubwana vyeusi vilikuwa vikitikisa mikia. Utotoni kila kilichotikisa mkia kwenye maji tulikiita kiluwiluwi, tukapita. Sikuwahi kukaa nikaona kinakuwa nini. Ni kweli kwamba kila jioni mke mwenzangu, ndivyo tunavyotaniana mimi na mjukuu wangu, alinisimulia habari za "vyura wetu". Mimi nikadhani ni vyura wa kitabuni. Chura ana miguu, ana macho ya kutumbua. Hawa, katika giza lile, niliwaona mikia na vichwa tu. Niliwabeba hadi mtaroni nyuma ya stoo, nikawamwaga, nikalisugua beseni kwa sabuni, nikalifudikiza dirishani likauke.

Sasa nilikuwa mlangoni, na yote haya yalikuwa yakinipita kichwani kwa mpigo mmoja. Nikisema, kibarua kinaota nyasi. Hilo ningelibeba. Lililonishika ulimi ni lile jingine: shule nzima ingejua kwamba bibi msafishaji, siku moja aliyosoma mwenyewe, alisoma hivi.

Kisha nikauona mgongo wa yule mtoto. Alikuwa ameunyoosha, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Mwalimu," nikasema, "naomba mtoto akakae. Maji nimeyamwaga mimi."

Akageuka. Nikamweleza habari ya karatasi, neno kwa neno, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya watoto. Wa viti vya nyuma wakaanza tena kucheka. Mwalimu akawatazama, wakaacha.

"Bibi, umesoma sawasawa kabisa," akasema. "Tatizo ni lugha yetu. Mtoto wa mbu ni kiluwiluwi, mtoto wa chura naye ni kiluwiluwi. Neno moja, watoto wa mama wawili."

Akaniuliza nimewamwaga wapi, na kabla sijamaliza kujibu darasa zima lilikuwa nje. Mtaroni hapakuwa na kitu. Maji ya bomba linalovuja, majani, tope. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Mjukuu wangu akapiga magoti, akafunua jani lililolowa. Chini yake alikaa mnyama mdogo kuliko ukucha, miguu minne, mkia bado unaning'inia. Kando yake mwingine. Halafu tukaanza kuwaona kila mahali, kwenye ukingo wa saruji, kwenye nyasi, wakipanda kama watu waliotoka safari.

Mwalimu alichuchumaa akiwatazama. Kisha akasema, akiangalia pembeni, kwamba miguu ya mbele ikishatoka, kiluwiluwi huacha kupumua kama samaki, anaanza kuvuta hewa kama sisi. Anahitaji mahali pa kupanda, la sivyo anazama katika maji yaleyale aliyozaliwa. "Nilitakiwa niweke jiwe ndani ya beseni tangu juzi," akasema. "Nikasahau. Leo ningewakuta wamekufa."

Nikafudikiza ndoo, nikaikalia, na somo likaendelea hapohapo. Nami nikasikiliza. Kwamba mkia haudondoki. Mwili unaunyonya taratibu, na siku hizo mdomo unapojigeuza, mnyama hali kitu, anaishi kwa mkia wake. Kwamba mayai ya hawa yalikuwa yametungwa kwenye uzi kama shanga, kwa hiyo ni wale vyura wa ngozi kavu yenye vinundu, wanaotambaa na kurukaruka kidogo. Wale laini wa miguu mirefu hutaga fungu zima pamoja. Kwamba chura hampi mtu chunjua, ila yule wa vinundu ana sumu nyuma ya macho, kwa hiyo ukimshika, nawa. Na kwamba akikua hula mbu. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sauti, hata mwalimu akacheka.

Watoto waliporudi ndani, mjukuu wangu alibaki. Nikamwambia anisamehe, kwamba nilichelewa kusema.

"Nilijua ni wewe," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Beseni lilikuwa limesuguliwa mpaka chini. Nani mwingine akimwaga maji husugua na beseni?"

Nilijaza ndoo bombani, nikamwachia upande mmoja wa kishikio, akaushika, tukaibeba wawili.