Upande wa Mlango

Shemeji yangu Idriss hakuchoka. Kila alipokuja kwangu mtaani Mapendo, Goma, chai ikiisha alikohoa, kisha akauliza kama sasa tumsomee kaka yake khitma. Mume wangu Alimasi alikwenda na lori hadi Vitshumbi, kando ya ziwa, kuchukua samaki, vita vikafunga barabara nyuma yake, na tangu hapo hatukupata hata salamu. Miaka mitatu. Ukoo mzima ulisharidhia kwamba amekufa. Mimi nilijibu kwamba khitma ni ya wafu, na wangu yuko safarini. Nilibaki peke yangu na jibu hilo.

Shingo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Iligoma kugeuka kushoto, na bega la kulia likanionyesha cha mtema kuni. Hata kufunga kilemba nilifunga nikilia. Nikaenda kwa Nshobole, mtaalamu wa kukanda viungo, ambaye sisi humwita mama kine.

Alinilaza kifudifudi, akabonyeza, akasubiri nyama ilegee, akasogea kidogo. Alinieleza kwamba misuli imefunikwa na utando, kama ule mweupe wa nyama ya mbuzi, na wangu umekaza. Nilikuwa nimesahau mkono wa mtu mgongoni unavyokuwa. Nilishukuru kwamba uso wangu ulitazama chini.

Nilirudi mara kadhaa. Kila mara nilitoka mwepesi, na asubuhi nikaamka nimekauka tena.

"Mama Mwasiti, unalalaka namna gani?" aliniuliza siku moja.

Nikamwonyesha: ubavu wa kulia, mkono chini ya kichwa, uso ukutani.

"Kitanda ni kadogo?"

"Hapana, ni kikubwa. Upande ya mulango ni ya bwana yangu."

Kwetu mwanamume hulala upande wa mlango. Ukigongwa usiku, na Goma hugongwa, yeye ndiye wa kuinuka kwanza.

"Na yeye eko wapi?"

"Alienda safari."

Mikono yake ikatulia shingoni mwangu. "Mama, nitakukanda mpaka nizeeke. Kama unajibana pa ukuta, haitapona. Ulale katikati."

Nilikasirika, jamani! Nani alimuuliza habari za kitanda changu? Nikavaa, nikatoka bila kuaga, nikaapa sirudi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Haukupita muda, mkono ukashindwa kuinua hata sahani.

Basi nikasogea. Si katikati, shubiri moja tu. Usiku uliofuata shubiri nyingine, kama jirani anayekula kiwanja cha mwenzake, huku nikimwomba Alimasi radhi kwa sauti.

Asubuhi moja niliamka chali katikati ya kitanda, mikono nimeitandaza, kichwa kwenye mto wake. Nilikuwa nimelala fofofo; mlango ungegongwa nisingesikia. Nikageuza shingo kushoto, ikaenda yote. Nikaipapasa nikitafuta hata chembe ya maumivu. Haikuwepo, nami nikalia kwa sauti kubwa, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeacha kumngojea.

Nikampigia simu Idriss.

"Shemeji, kuko nini?"

"Lete masheikh. Mumusomee ndugu yako."

Nilitegemea amshukuru Mungu, kwa jinsi alivyonisumbua.  Badala yake nikasikia kwamba analia.

"Shemeji," alisema, "miye nilikuwa nakujaka ili nikusikie unakatala."