Hodhi la Kioo la Ukithirifu

Nchi ya Ukithirifu, iliyokaa baina ya Mto Utamu na Bahari ya Uchungu, ilikuwa na dasturi moja iliyoipa fahari na kuiponza papo hapo: hapana jambo lililofanywa kwa kiasi. Salamu zilimaliza asubuhi nzima, na mgeni hakuondoka mezani kabla hajaomba radhi kwa kushindwa kula. Katika kasri la Israfu, mji wake mkuu, palikuwa na hodhi la kioo lenye maji ya chumvichumvi, si ya mto wala si ya bahari, ambamo samaki wadogo walicheza katikati ya mimea michache yenye kuhimili chumvi. Mimea hiyo aliilea Bi Makini, mtunzaji wa hodhi, kwa miaka saba, akiizoesha chumvi kidogo kidogo, na aliipenda kupita kiasi. Kwa hilo tu alikuwa Mkithirifu halisi.

Ikatokea majani yakavaa mwani, utando wa kijani wenye utelezi ulioyaziba pumzi. Wananchi wakanena kuwa ni jicho la husuda, na tiba ya husuda kwao ilikuwa ukarimu. Wakaongeza taa juu ya hodhi, wakamwaga mikate, na Sultani Takrima mwenyewe akawa anashuka mara tano kwa siku na sahani ya maandazi. Mwani ukanawiri. Basi ukarimu ukazidishwa.

Waziri Papara, ambaye hata chai hakuwahi kuisubiri ipoe, akalifikisha shauri barazani. "Hasidi ni mtunzaji mwenyewe," alisema. "Mimea ing'olewe leo hii, naye apelekwe uhamishoni Usahaulifu."

Bi Makini hakuihofia safari, bali aliihurumia mimea yake. Hata hivyo alinena kwa adabu. "Mtukufu Sultani, mwani hauli husuda. Unakula mwanga wa taa zetu na makombo ya mikate yetu. Naomba siku arobaini: taa zipunguzwe, pazia lishushwe adhuhuri, samaki wale mara moja tu kwa siku, nami nibadilishe maji kidogo kidogo na kuleta konokono wa mlangoni mwa mto. Mwani ukibaki, ning'olewe pamoja na mimea."

"Na mkono wangu huu?" aliuliza Sultani kwa huzuni ya kweli. "Utafanya nini siku zote hizo?"

"Utapumzika, Mtukufu. Umefanya kazi nyingi mno."

Baraza likacheka, Papara akanuna, na ombi likakubaliwa.

Zilikuwa siku nzito kwa taifa zima. Sultani alipita kando ya hodhi mikono ikiwa nyuma. Konokono, wasio na cheo wala joho, walikwangua jani baada ya jani, na Bi Makini akakata yaliyooza na kuyapangusa mengine kwa kidole. Siku ya arobaini pazia likafunguliwa, majani yakaonekana mabichi hadi shinani, na Bi Makini akalia kwa furaha bila kuona haya.

Sultani naye, kwa furaha ile ile, akachomoa andazi mfukoni na kulinyanyua juu ya maji. Akawatazama samaki, akamtazama Bi Makini, kisha akaushusha mkono taratibu, akalimega andazi na kulitia kinywani mwake.

"Kumbe tamu!" alisema kwa mshangao, maana miaka yote hiyo alikuwa akigawa tu. Akamega kipande kingine, akampa Bi Makini. Kimoja tu.