Mkono wa Mjomba

Ripoti ya ajali ilikuwa na kurasa kumi na moja, na dada yangu alitaka nimsomee mmoja tu: ule unaosema kosa lilikuwa la nani.

Tulikaa jikoni kwake. Mimi ndiye niliyemfundisha binti yake kurusha ndege. Nina miaka ishirini katika kazi hii na mdomo wangu ni mkali, waulize wanafunzi. Wazazi wakija kulalamika, nawajibu kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwa mpwa wangu peke yake ndipo nilipolegea.

Nikasoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka peke yake. Mpira wa ndani ya pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini ulipasuka, ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi. Swichi ya pampu ya umeme ilikutwa imezimwa.

"Maana yake nini?"

Nikamweleza. Ndege ile mabawa yake yako chini na matangi yamo humo, kwa hiyo mafuta lazima yavutwe yapande. Injini ina pampu yake. Ya umeme ni ya akiba: unaiwasha kabla ya kupaa, unapobadilisha tangi na unapokwenda kutua, pale ambapo injini ikizima huna pa kukimbilia. Ukishafika juu unaizima, jicho likiwa kwenye geji ya presha ya mafuta, uone kama ile ya injini inamudu.

"Kwa hiyo angeiwasha..."

"Injini isingezima."

Dada akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Nilijua. Huyu mtoto msahaulifu tangu zamani. Jiko anaacha linawaka, mlango hafungi. Nimemsema mpaka nimechoka."

Alisema kana kwamba binti yuko chumba cha pili, anavaa viatu.

Ningeweza kunyamaza. Ripoti haikunitaja popote. Lakini niliona anaanza kumkasirikia marehemu, na moyo wangu ukakataa.

"Hakusahau, dada. Swichi ile nilikuwa naiwasha mimi."

"Wewe?"

"Kila tulipopaa. Anasoma orodha, na kabla hajafika kwenye pampu mkono wangu umeshatangulia. Nilidhani namsaidia. Yeye akawa anasema tu, 'Pampu, tayari,' maana siku zote aliikuta tayari."

Dada hakulia. Alinitazama mkono, ule wa kulia, nikautoa mezani.

"Na yeye hakuwahi kukukataza?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa tangu mazishi. Nikakiri kwamba alinikataza. Wiki moja kabla ya ajali alinipiga kikofi mkononi, huku anacheka: "Mjomba, mbona hiyo huniachii? Mimi nitaiwasha lini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, siku utakayokuwa peke yako."