Ghala Lililogeuka Saa Sita

Ulipita pale, usikatae. Ilikuwa Jumanne, umebeba dumu la mafuta ya taa, ukakata njia nyuma ya ghala la kahawa, pale nje kidogo ya mji wa Mbinga. Akina mama walikuwa wamekaa juu ya magunia wakichambua kahawa, na juu ya vichwa vyao ukuta ulikuwa unaning'inia. Ukageuza shingo kutazama kanisa, kana kwamba hujawahi kuona kanisa.

Ghala lile lilijengwa enzi za ushirika. Kwa nje lilivikwa mabamba mazito ya saruji yaliyoshikwa kwa bolti. Mvua zikaja, mvua zikapita, bolti zikaliwa na kutu. Bamba moja lilimwangukia mguuni Ottilia, mmoja wa wachambuaji, na tangu siku hiyo anatembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Alipewa pole na sukari. Sukari mnaikumbuka. Mguu mmeusahau.

Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori, na ghala likaangukia mikononi mwa kampuni. Meneja wa kampuni, Wendelin, aliitisha mkutano akatangaza kwamba mabamba yote yatang'olewa na kuta zote nne zitavikwa mabati ya rangi ya bluu, kwa usalama wa wafanyakazi na kwa sura ya kampuni. Mabati yakaja, lori zima. Mlipiga vigelegele. Mafundi wakauvua ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, wakauvika bluu. Ukang'aa mpaka majogoo wakawa wanapigana na sura zao. Mafundi wakashuka kwenye ngazi, wakanawa mikono, wakaenda zao.

"Na huku nyuma, meneja?" Asteria akauliza. Asteria ndiye aliyekaa pembeni ya Ottilia, chini kabisa ya bamba lililobakiwa na bolti moja.

"Shikamoo mama. Huku nyuma nani anapaona?"

"Marahaba. Mimi napaona."

"Basi usitazame juu, mama yangu. Tazama kahawa."

Asteria hakuacha kutazama juu. Hata kengele ya saa sita ilipogonga kanisani na watu wote wakasimama kusali Malaika wa Bwana, vichwa chini, macho yamefumbwa, yeye alisali macho wazi, kwenye bolti. Jambo hilo alishaliungama. Padri alimuuliza bamba lenyewe lina ukubwa gani, alipoonyeshwa kwa mikono akamruhusu.

Kwa hiyo ni Asteria peke yake aliyeliona ghala likigeuka. Lilijitikisa kwanza, kama bibi anayetafuta mkao kwenye benchi, kisha likazunguka taratibu pale pale lilipo, bila vumbi wala kelele. Watu walipofika Amina, nalo lilikuwa limemaliza. Ukuta wa bluu ulikuwa upande wa akina mama. Mabamba mabovu yalikuwa yanatazama barabara.

"Limegeuka," Asteria akasema.

"Naona," Ottilia akasema. "Sogeza gunia basi, kuna kivuli."

Mtu wa mizani alitoka mlangoni akajikuta katikati ya akina mama. Akawasalimu mmoja mmoja, akazunguka kwenda kutafuta barabara.

Eunice, muuza dagaa wa usipa kutoka Liuli aliyekuwa amepanda toka ziwani na tenga lake, alijitazama kwenye bati akafunga kilemba upya. "Kwetu jengo kama hili lingeshaingia majini likaogelea mpaka ng'ambo," alisema.

"Ninyi watu wa ziwani mnajua kuogelea tu," Asteria akamjibu.

"Na ninyi wa milimani mnajua kunyamaza tu."

Walicheka wote. Eunice akawapunguzia bei ya usipa, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Kabla jua halijashuka, bamba moja la upande wa barabara lilianguka likavunja taa ya gari la meneja. Hapo ndipo kampuni ilipochukua hatua. Lililetwa greda, na barabara ikahamishwa.

Barabara mpya ilipita nyuma, ukutani kwa bluu, ikakatiza katikati ya shamba la ngolo la kaka yake Asteria. Mashimo yale aliyoyachimba ili mvua isiubebe udongo mlimani yaliwarusha abiria mpaka kofia zikatoka. Akina mama wakaamriwa wahamie upande wa pili, chini ya mabamba, kwa maelezo kwamba pumba za kahawa zinachafua bluu. Kengele ya saa sita ilipogonga, ghala likajitikisa, likageuka tena. Greda likarudi.

Siku hizi barabara inalizunguka ghala lote. Wageni kutoka Songea wanasema Mbinga imeendelea, ina kipilefti. Maharusi wanapigia picha kwenye bluu, ila lazima waulize kwanza kama misa imekwisha kabla ya saa sita au baada. Na kila siku, toka Amina mpaka meneja amalize kula, akina mama wanakaa chini ya ukuta mzima. Wanakula makande, wanaimba, wanamwiga meneja anavyotembea, na Ottilia ndiye anayemwiga vizuri kuliko wote. Kisha Wendelin anatokea kwenye kona akifuta mdomo.

"Shikamooni mama zangu. Kazi."

"Marahaba baba," wanaitikia, wanabeba magunia, wanazunguka kulifuata bamba.

Ghala linafanya linaloweza. Halina mikono ya kung'oa bolti wala kupanda ngazi. Ninyi mnayo.

Na mabati yaliyobaki mnajua yaliko. Yako pale kwenye mteremko, kwenye banda la nguruwe la meneja. Ni kuta tatu za ghala, zimefungwa vizuri na skrubu mpya, bluu tupu, zinaonekana toka kila dirisha la mji. Banda lile halijawahi kugeuka, halina sababu. Hakuna nguruwe aliyewahi kuangukiwa na kitu. Na kila Jumapili mkitoka kanisani mnakwenda palepale kununua kitimoto, mnasimama mkisubiri zamu, mgongo mmeegemeza kwenye bati la Asteria. Mnasema nyama ya hapa ni laini, hawa wanyama wanalala vizuri.

Jana bolti ile ililegea nusu mzunguko. Asteria ameiona, kwa sababu yeye hutazama. Ameivuta kanga kichwani akaendelea kuchambua, maana ana watoto shuleni, na bamba na kazi viko upande mmoja.

Sasa weka karatasi hii chini. Chukua ngazi, kama huna kaazime kwa jirani, na jirani naye aje. Pitieni bandani mfungue yale mabati, mlango wake hauna kufuli, nguruwe watawapisha. Nendeni leo, meneja akiwa anakula. Na kengele ikiwakuta njiani, salini mkitembea, na asifumbe mtu macho.