Mitutu Miwili ya Marehemu Mihayo

Wankyo aliingia mjini, mtaa wa Mukendo, na bunduki ya marehemu mumewe, Mihayo, ndani ya gunia, moyo mweupe kabisa. Barua ya polisi ya kumruhusu kuuza alikuwa nayo, na bei alikuwa nayo kichwani. Wiki iliyopita alituma picha kwa simu, na mzee Fahadi, mthamini wa bunduki kuukuu, akajibu: milioni kumi na mbili. Kwa bei ya mnada hao ni ng'ombe kumi na wawili, idadi ile ile iliyotolewa mahari kwa ajili ya binti yake, Rebeka. Rebeka alikuwa amerudi nyumbani Butiama, mkono umevunjwa na mume, na wakwe hawakuona hata haya. Walisema Jumamosi wanakuja: ng'ombe warudi, au mke arudi.

Dukani kwake, Fahadi alikunjua gunia. Aliichomoa mitutu, akaichungulia kwenye mwanga, akaining'iniza kidoleni na kuigonga kwa kalamu. Ililia vizuri, mlio mrefu wa kengele, na Wankyo akatabasamu. Kisha mzee akapitisha kidole ubavuni mwa bunduki, pale ambapo kwenye picha palikuwa na ndege na majani yaliyochongwa kwa mkono, na jina la fundi. Sasa palikuwa peupe, panang'aa kama sufuria mpya.

"Nani ameisugua hii?"

"Sisi, baba. Msasa na mchanga, siku tatu. Kitako tukakipiga vanishi. Hata ng'ombe wa mnadani tunamuogeshaga kwanza, tunampaka na mafuta. Ningeileta na uchafu wake?"

Fahadi alicheka mpaka akavua miwani. Mungu amsamehe, maana mimi ninayesimulia siwezi.

"Mama, huo uchafu ndio uliokuwa milioni kumi na mbili. Wanaonunua bunduki za kale wanataka michoro, jina la fundi na ile rangi ya uzee. Umesugua ng'ombe kumi na mmoja na nusu. Hii sasa ni ya kufukuzia nyani shambani. Laki tano, tena nikiwa nimeamka vizuri."

"Si kuna dawa ya kuirudisha?"

"Maji yakishamwagika hayazoleki. Nani hasa alishika msasa?"

"Binti yangu."

"Mpe hongera. Hajabakiza hata herufi moja."

Wankyo alifunga gunia lake bila kuaga. Alipofika barabarani simu ikaita. Alikuwa Rebeka.

"Mama, wamesemaje?"

Wankyo alitafuta uongo usioumiza, akaupata upesi kuliko alivyotarajia.

"Bunduki ya baba yako ilikuwaga mbovu tangu zamani, mwanangu. Hawaitaki. Funga tu mizigo yako."

Rebeka alipojibu alikuwa analia.

"Nisamehe, mama. Kwa mkono mmoja nilikuwa nachoka. Ningeisugua zaidi."