Baroni Apelekwa Daraja la Vijana

Jana nililala mapema, na usingizi ulipokolea nikaota niko kwenye maonyesho ya mbwa hapa Arusha. Nimevaa suti niliyoivaa siku nilipoagwa kazini. Mbwa wangu Baroni yuko pembeni, ananitazama kama mtu anayesubiri maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya. Baroni ni mbwa wa ukoo bora, wa ile mbegu ya kuwindia simba, yenye mstari wa manyoya mgongoni yanayoota kinyume. Babu zake wana vikombe. Yeye ameshinda getini maisha yake yote akiwabwekea wauza mchicha, kwa kuwa mimi nilikuwa na majukumu ofisini. Nilipostaafu niliona kwamba watu hawasimami tena nikiingia mahali, ndipo nikakumbuka kuwa nyumbani nina mbwa mwenye babu zake. Nikamwandikisha daraja la wazee, maana umri ulishakwenda. Mdomo wake ulikuwa umejaa mvi, nikampaka kanta, rangi nyeusi ileile ninayopaka mimi kichwani kila wiki. Nilitaka tupendeze.

Basi tunafika mlangoni, na mlangoni kuna kiti cha plastiki.

"Umeamkia?" kiti kinaniuliza.

"Nimwamkie nani?"

"Wale mle ndani. Hili ni daraja la wazee, huingii tu kama unaingia dukani."

Ndani wameketi mbwa wazee, wamekunja mikono ya mbele. Nikasema shikamooni. Mmoja mwenye manyoya ya kusokota akaitikia, "Marahaba. Hujambo, kijana?"

Siwezi kusema uongo, nilifurahi kuitwa kijana. Hata kwaya ya kanisani kwetu huniita Kaka Eliakunda. Wanakwaya niliwaambia nimestaafu mapema kwa hiari yangu, na mtu akianza kunipa shikamoo humkatisha kwa "mambo vipi" kabla hajafika katikati.

Hakimu alikuwa futi, ile ya fundi cherehani, imesimama wima na kufunga tai. Akampima Baroni kuanzia pua mpaka mkia, akapima na kivuli chake. Kisha akainama kwenye mdomo.

"Mvi ziko wapi?"

"Hana," nikasema kwa majivuno.

"Mzee ni mwenye mvi. Huyu aende daraja la vijana."

"Lakini ni mzee kweli."

"Kijana, wakubwa wakiongea usidakie."

Nikageuka nitoke, mlango haupo. Uwanja umeshakuwa barabara ya kwenda Moshi, na mbwa wadogo wasio na adabu wanaruka juu chini kungoja kuanza. Daraja la vijana hukimbia mpaka hakimu achoke. Nikauliza hakimu huchoka saa ngapi. Kiti, ambacho kilikuwa kimetufuata, kikasema futi haichoki.

Baroni akanivuta suruali. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiongea, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mwenye kikohozi.

"Mzee, nyonga zangu unazijua. Asubuhi mpaka mama anipake mafuta ndiyo nainuka."

Mimi nilikuwa naangalia meza ya zawadi. Kikombe cha vijana kilikuwa kikubwa kuliko cha wazee, tena kina mabawa. Sebuleni kwangu kuna nafasi pale kati ya saa ya ukutani na picha ya harusi.

"Kimbia kidogo tu," nikamwambia. "Jikaze."

Akakimbia. Alikimbia vizuri mpaka kwenye kona, nikaanza kupiga makofi. Baada ya kona miguu ya nyuma ikabaki nyuma, akaketi katikati ya barabara, ulimi nje, anahema kwa shida.

"Daraja la vijana hakuna kupumzika," hakimu akatangaza. "Anayelala huhesabiwa amekufa."

Papo hapo wakaja wanaume wawili na majembe wakaanza kuchimba pembeni ya lami, wakiulizana kama mkia nao upimwe. Baroni akajaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.

"Acheni," nikasema. "Ni mzee huyu. Mpimeni upya mdomo, ile ni kanta."

"Kilichopimwa hakipimwi tena. Labda atokee mzee wa kumshuhudia umri."

"Mimi namshuhudia. Nimemlea tangu hajafungua macho."

"Mtoto hashuhudii umri wa mkubwa. Una miaka mingapi?"

Nikatazama pembeni. Barabara ilikuwa imejaa mabenchi ya kanisani, na kwenye mabenchi imekaa kwaya nzima, wamevaa majoho. Mbele kabisa yuko Bi Naishiye wa sauti ya pili, ambaye Jumapili iliyopita aliniambia nina sauti ya mtu wa miaka arobaini.

"Hamsini na mbili," nikasema.

Wale wanaume wakaendelea kuchimba. Shimo lilishawafika kiunoni.

"Hamsini na tisa."

Likawafika kifuani. Baroni akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anangoja nimalize, kama anavyonisubiri getini nikichelewa kurudi.

"Sitini na tisa," nikasema. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini kwenye ndoto kila kitu kina kipaza sauti.

Hakimu akajikunjua mpaka kichwani kwangu, akajikunja tena.

"Nywele zinasema vingine."

"Inama," Baroni akaniambia. Alikuwa amejiburuza kwa tumbo mpaka miguuni pangu. Nikapiga magoti na suti yangu, kwenye lami, mbele ya watu wote hao, naye akaanza kunilamba kichwa. Alianza utosini akashuka nyuma ya masikio, taratibu, hakuacha mahali. Niliona aibu mpaka nikatamani lile shimo.

Alipomaliza, Bi Naishiye akasimama, akashika joho lake, akasema, "Shikamoo, babu."

Kwaya yote ikaipokea kwa sauti nne, besi wakiivuta mwishoni. Hakimu akaniangalia. Shimo bado lilikuwa wazi.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, wanangu."

Wale wanaume wakafukia. Tukarudishwa daraja la wazee, na huko nikaambiwa zawadi ya kwanza ni ruhusa ya kulala. Baroni akaipata hata kabla hakimu hajamaliza kuisoma.

Nikaamka. Mama Ndeshi, mke wangu, alikuwa amesimama kando ya kitanda na kikombe cha chai, ananitazama kichwani kwa muda mrefu.

"Umejiosha na nini?" akauliza. "Umekuwa kama marehemu baba yako."

Nikaenda kwenye kioo. Kichwa chote cheupe kama pamba, na jana tu nilikuwa nimepaka. Nikatoka nje na kanzu ya kulalia mpaka getini. Baroni alikuwa amelala juani, na kwa mara ya kwanza hakujihangaisha kuinuka aliponiona. Nikamwita jina. Akafungua jicho moja, akapiga mwayo mrefu, na ulimi wake wote ulikuwa mweusi tii.